Tamu haisemi nguvu: kile mvinyo wa shayiri unafundisha wanywaji wa Kolwezi

Mu nganda za Dilala na Manika, mtu akitaka kujua pombe anauliza maswali mawili tu: iko tamu? iko na nguvu? Na wengi wanajibu kwa macho na kwa ulimi. Bia nyeusi, wanasema, njo kali kupita ile nyeupe. Munkoyo yenye sukari ni ya watoto. Lutuku inayoteremka bila kuchoma koo, iyo iko safi. Majibu haya matatu yanasikika kila siku, na yote matatu yanaweza kumdanganya mtu. Moja kati yao linaweza hata kumuua.

Kuna bia moja ya mbali ambayo inasaidia kueleza jambo hili vizuri. Inaitwa barliwaini, maana yake mvinyo wa shayiri. Wakaaji wengi wa Kolwezi hawajawahi kuionja, na si lazima waionje. Lakini ginsi inavyotengenezwa, na ginsi ladha yake inavyoficha nguvu yake, inafanana na mambo yanayotokea katika vilauri vya huku, kuanzia munkoyo ya sokoni hadi lutuku ya nyuma ya nyumba.

Bia yenye nguvu ya mvinyo

Kwanza jina. Barliwaini si mvinyo. Hakuna zabibu ndani yake. Ni bia ya shayiri, lakini nguvu yake inafikia ile ya mvinyo, ndiyo sababu Waingereza waliipa jina hilo. Bia ya kawaida huwa na pombe ya asilimia 4 hadi 6. Barliwaini huanza karibu na asilimia 8 na inaweza kufika 12.

Chimbuko lake ni Uingereza. Moja iliyojulikana sana ilitoka katika kiwanda cha Bass, mjini Burton upon Trent, na iliitwa No. 1. Mwaka 1968, braseri ya Eldridge Pope ya mjini Dorchester ilitoa Thomas Hardy's Ale, bia yenye nguvu ambayo wenyewe walisema inaweza kuwekwa miaka 25. Huko Marekani, braseri ya Anchor ya San Francisco ilianza kutengeneza Old Foghorn mwaka 1975. Wamarekani walipenda kuongeza ndani yake maua mengi ya hopsi, ile mimea inayoipa bia uchungu. Kwa hiyo barliwaini ya Marekani inauma ulimi kwa uchungu, na ile ya Uingereza inaelekea zaidi utamu.

Namna gani bia inapata nguvu yote hiyo? Jibu ni nafaka nyingi katika maji kidogo. Shayiri inalowekwa, inaoteshwa, halafu inakaushwa kwa moto. Ikishasagwa, inachanganywa na maji ya moto, na wanga wake unageuka kuwa sukari. Kwa bia ya kawaida, litre moja ya maji hayo matamu huwa na sukari ya gramu 120 hivi. Kwa barliwaini ni gramu 200 na zaidi. Kisha chachu inaingia kazini: inakula sukari, inatoa pombe na gesi. Sukari ikiwa nyingi, pombe nayo inakuwa nyingi.

Zamani, watengenezaji wa Uingereza walifanya sawa vile mama anavyotumia majani ya chai mara mbili. Maji ya kwanza yaliyopita katika shayiri, yale mazito na matamu kupita yote, yalitoa bia kali. Maji ya pili, mepesi, yalipita katika shayiri ileile na kutoa bia ndogo ya kukata kiu. Nafaka ni moja, lakini vinywaji ni viwili vyenye nguvu tofauti kabisa.

Ladha hizo zinatoka wapi

Mtu anayeonja barliwaini kwa mara ya kwanza anaweza kutaja karameli, asali nzito, zabibu kavu, tende, ukoko wa mkate. Hakuna mtu aliyetia tende ndani. Ladha hizo zinazaliwa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni moto. Maji ya shayiri yanachemshwa kwa saa nyingi, na sukari pamoja na protini zinabadilika rangi na harufu. Ni jambo lilelile linalofanya ukoko wa mkate kuwa mwekundu, karanga za kukaangwa kunukia vizuri, na mahindi ya kuchoma kuwa matamu kupita yale ya kuchemsha.

Njia ya pili ni chachu. Chachu ikifanya kazi katika sukari nyingi inachoka, na katika kuchoka inatoa harufu za matunda. Ikichokeshwa sana, hasa kwenye joto, inatoa pia pombe nzito zingine zinazochoma koo na kunuka sawa na vernis. Mtengenezaji mzuri anatuliza joto ili apate matunda bila vernis.

Njia ya tatu ni muda. Barliwaini inaachwa miezi, hata miaka. Hewa kidogo inayoingia katika chupa inapunguza uchungu wa hopsi na kuleta ladha ya njugu na matunda makavu. Ndiyo sababu watu wanaweka bia hiyo kabatini, wakati bia ya kawaida ikizeeka inapata ladha ya karatasi iliyoloana.

Sasa jambo lenyewe. Chachu haimalizi sukari yote. Inayobaki inafanya barliwaini kuwa nzito na tamu mdomoni, na utamu huo unafunika ukali wa pombe. Mnywaji anahisi joto fulani kifuani, basi. Hasikii kwamba kilauri chake kina pombe mara mbili ya bia ya kawaida. Ndiyo sababu mahali inaponywewa kwa desturi, inamiminwa katika kilauri kidogo, bila kuwekwa kwenye baridi kali, na inanywewa polepole. Baridi kali inaua harufu, na kinywaji baridi kinateremka haraka.

Munkoyo: mzizi unafanya kazi ya shayiri

Shayiri hailimwi kuzunguka Kolwezi. Huku nafaka ni mahindi, na mahindi yana wanga mwingi. Lakini wanga peke yake hauwezi kuwa pombe, kwa sababu chachu haiwezi kuula. Lazima kwanza kitu fulani kiuvunje kuwa sukari. Katika shayiri, kazi hiyo inafanywa na vimengenya vinavyoamka mbegu inapootа.

Wakaaji wa Katanga ya zamani na majirani wa Zambia walipata njia nyingine: mzizi. Mizizi ya mimea ya porini ya jamii ya Rhynchosia, ambayo ni ndugu ya maharagwe, ina vimengenya vya namna hiyo ndani yake. Mama anapika uji wa unga wa mahindi, anauacha upoe kiasi, anatia mizizi iliyopondwa. Baada ya muda, uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu, na mtu anaweza kufikiri kwamba wametia sukari. Hakuna sukari iliyotiwa. Mzizi ndio umeitoa ndani ya mahindi. Uji ukiwa ungali unachemka, jambo hilo halitokei, kwa sababu moto mkali unaua vimengenya. Wamama wanaotengeneza munkoyo walijua hilo kwa mikono yao kabla ya maabara kuandika.

Kisha bakteria za hewani na za kwenye mizizi zinaleta ule uchachu mwepesi, sawa na wa maziwa ya mgando. Munkoyo ya siku moja ina pombe kidogo sana au haina kabisa, ndiyo sababu inanywewa na wakubwa na wadogo. Ikiachwa siku mbili, tatu, chachu za asili zinashika kazi: utamu unapungua, gesi inapanda, pombe inaongezeka. Kwa kawaida haivuki asilimia 3. Lakini mtu akitia sukari ya duka ili irudie utamu, na kuiacha tena, anaipa chachu chakula kipya. Munkoyo hiyo inaweza kuwa tamu na yenye pombe kwa wakati mmoja. Kwa mtoto au mama mwenye mimba, swali la kuuliza ni hili: ilitengenezwa lini?

Kule Kivu jambo ni lilelile kwa kasiksi ya ndizi. Ndizi iliyoiva imekwisha kugeuza wanga wake kuwa sukari, haihitaji mzizi. Siku ya kwanza ni kama juisi. Siku zinazofuata, ni pombe.

Rangi haipimi pombe

Bia ya kiwanda ina historia ndefu katika ukanda wa shaba. Braseri ya Lubumbashi, inayojulikana leo kwa jina la Brasimba, ilianza katika miaka ya 1920, mbele hata ya mji wa Kolwezi wenyewe, ambao Union Minière iliuanzisha mwaka 1937. Vinywaji vyake viwili vinajulikana na kila mtu: Simba, ya rangi ya dhahabu, na Tembo, ya rangi nyeusi-nyekundu.

Wengi wanaamini kwamba Tembo ni nyeusi juu ya pombe. Hapana. Rangi ya bia inatoka katika nafaka iliyokaushwa au kukaangwa zaidi. Kiasi kidogo cha nafaka ya namna hiyo kinatosha kugeuza rangi ya pipa zima na kuleta ladha ya karameli, bila kuongeza pombe hata tone. Nguvu inategemea sukari iliyoliwa na chachu, na sukari haina rangi ya kuonekana kwa macho.

Guinness inaonyesha hilo vizuri. Ile ya kumwaga katika mabaa ya Ireland ni nyeusi kabisa, na ina pombe ya karibu asilimia 4.2, chini ya bia nyingi nyeupe. Guinness za chupa zinazouzwa katika inchi nyingi za Afrika zina rangi ileile, lakini zinavuka asilimia 6. Na huko Ubelgiji kuna bia za rangi ya dhahabu zinazovuka asilimia 8. Anayetaka kujua nguvu asitazame rangi. Asome etiketi, pale penye alama ya asilimia na neno «vol».

Mahali chachu inashindwa

Chachu inatengeneza pombe, lakini pombe hiyohiyo inaiua. Chachu nyingi za bia zinachoka kati ya asilimia 10 na 12. Zile za mvinyo zinaweza kusukuma hadi 15 hivi. Barliwaini inasimama karibu na ukuta huo. Kupita hapo, hakuna nafaka wala sukari itakayosaidia. Njia inayobaki ni moto na mvuke.

Hiyo njo njia ya lutuku, ambayo Kinshasa wanaita lotoko na Kivu na Ituri wana ndugu yake anayeitwa kanyanga. Mahindi na mihogo vinachachushwa siku kadhaa, kisha vinapikwa katika tonneau iliyofungwa. Pombe inachemka kwa nyuzi 78, maji kwa nyuzi 100. Kwa hiyo mvuke wa kwanza unabeba pombe nyingi. Unapita katika mrija, unapozwa kwa maji, unatona katika chupa. Kinachotoka kinaweza kuwa na asilimia 40, 50 au zaidi, na hakuna etiketi ya kusema ni ngapi. Chupa mbili za mama mmoja, za siku moja, zinaweza kutofautiana sana: zile za mwanzo wa mpiko ni kali, zile za mwisho ni nyepesi.

Shaba yenyewe ina nafasi katika habari hii. Vyungu vya zamani vya braseri za Ulaya vilitengenezwa kwa shaba, kwa sababu shaba inasambaza joto vizuri, na wanaotengeneza whisky mpaka leo wanatumia mitungi ya shaba kwa kuwa inashika harufu mbaya za salfa. Lakini munkoyo haifai kuwekwa katika chombo cha shaba: uchachu wake unakula shaba, na shaba nyingi tumboni inaleta kutapika. Mtungi wa udongo, ndoo ya plastiki ya chakula au sufuria ya inoksi ni salama zaidi. Na tonneau iliyowahi kubeba asidi au dawa nyingine ya kiwanda haifai kwa kinywaji chochote, hata ikioshwa mara kumi.

Sheria imekuwa kali juu ya pombe za mvuke kwa muda mrefu. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919, ambao Ubelgiji ilikuwa ndani yake, ulikataza kuzitengeneza katika sehemu kubwa ya Afrika. Makatazo hayakumaliza lutuku. Kwa nyumba nyingi, chupa hizo zinalipa masomo ya watoto na unga wa bukari. Kwa hiyo kuwaambia wamama waache bila kuwaonyesha kazi nyingine hakujafika mbali. Kueleza hatari iko wapi kunaweza kufika mbali zaidi.

Hesabu ya kilauri

Mchimbaji anayetoka shimoni, dereva wa camion ya madini, motard wa taxi: kila mmoja anahitaji kujua amekunywa kiasi gani. Hesabu si ngumu. Chupa kubwa ya sentilita 70, yenye pombe ya asilimia 5, ina mililita 35 za pombe tupu, karibu gramu 28.

Pombe hiyohiyo iko katika sentilita 35 za barliwaini ya asilimia 10, yaani nusu ya chupa. Na iko pia katika sentilita 8 hivi za lutuku ya asilimia 45, kilauri kidogo ambacho mtu anakimaliza mara moja akiwa amesimama.

Mwili wa mtu mzima unaondoa kati ya gramu 7 na 10 za pombe kwa saa moja. Kwa hiyo chupa hiyo kubwa, au kilauri hicho kidogo, vinahitaji saa tatu au nne ili kutoka. Kahawa, maji ya baridi kichwani, kutapika au kula bukari nyingi baadaye haviharakishi. Mtu aliyekunywa vilauri vinne vya lutuku saa nne ya usiku bado ana pombe katika damu anapoingia kazini asubuhi, hata kama anajisikia mzima. Kama kuna kipimo cha pumzi mlangoni mwa mine, kitamwona. Kama hakuna, ngazi ya shimo au barabara ndiyo itamwona.

Kile ulimi hauwezi kuona

Limebaki jibu la tatu: lutuku inayoteremka bila kuchoma koo iko safi. Hilo ni la hatari kupita yote.

Kuna pombe nyingine inayoitwa metanoli. Inatumika viwandani, katika rangi na dawa za kusafisha. Haina rangi, na harufu na ladha yake ni karibu sawa na za pombe ya kawaida. Wengine wanaiona hata tamu kidogo. Katika pombe ya nafaka iliyochachushwa vizuri, metanoli huwa ndogo sana. Misiba mikubwa inatokea hasa wakati mtu anaongeza pombe ya kiwanda ili chupa iwe kali na faida iongezeke. Mwaka 2010, Kabale, Uganda, makumi ya watu walikufa kwa waragi yenye metanoli. Mwezi wa tano 2014, inchini Kenya, watu zaidi ya 60 walikufa katika maeneo kadhaa yakiwemo Embu na Kitui, na wengine walipofuka.

Mwili ndio unageuza metanoli kuwa sumu, na kazi hiyo inachukua muda. Mtu analewa kidogo, analala, na dalili zinakuja baada ya saa 12 au 24: kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka, macho kuona ukungu au weupe. Wengi wanafikiri ni uchovu wa pombe tu na wanabaki kitandani. Saa hizo ndizo zinazopoteza macho au uhai. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na munganga aambiwe wazi kwamba amekunywa pombe ya mvuke. Ikiwezekana, chupa ibebwe pia. Dawa ipo, lakini inasaidia ikipatikana mapema.

Watu wengi wanategemea kuwasha lutuku kwa kiberiti: moto wa buluu, wanasema, ni alama nzuri. Metanoli nayo inawaka, na moto wake ni hafifu, karibu hauonekani. Ikichanganyika na pombe ya kawaida, hakuna jicho litakalotofautisha. Kutupa kilauri cha kwanza cha mpiko kunapunguza harufu kali, lakini hakuhakikishi usalama. Kinachohakikisha zaidi ni kumjua aliyetengeneza, kujua hakuongeza kitu, na kukataa chupa isiyojulikana ilikotoka, hasa ile ya bei ya chini kupita kawaida.

Ya kushika

Ulimi unaweza kuambia mtu mambo mengi ya kweli: nafaka ilikaangwa kiasi gani, munkoyo imelala siku ngapi, bia imezeeka au hapana. Hiyo ni furaha ya kuonja, na wamama wa munkoyo wanaijua sawa na mabingwa wa Burton. Lakini nguvu ya pombe inasomwa kwenye etiketi, na pale etiketi haipo, inapimwa kwa ukubwa wa kilauri na kwa saa. Sumu nayo haisomwi kwa ulimi hata kidogo. Anayeona ukungu machoni kesho yake baada ya kunywa, asingoje jioni.